Maziwa Machache, Machachu, Yasiyo Mabichi: Habari za Ulaji wa Bahari ya Mediterania

Katika vyakula vyote vinavyoingia nyumbani mwa binadamu, hakuna kinachosifiwa bila kipimo kama maziwa. Mtoto akidhoofika huambiwa apewe maziwa. Mgonjwa akitoka hospitali hupelekewa maziwa. Mgeni wa heshima akibisha hodi katika boma la mfugaji hukaribishwa kwa maziwa kabla hajaulizwa habari za safari. Sifa hizo zina haki yake, kwa maana ndani ya maziwa mna protini ya kujenga mwili, mna kalsiamu ya mifupa na meno, na mna vitamini kadha wa kadha. Lakini sifa ni jambo moja na matumizi ni jambo jingine. Wako watu waliokunywa maziwa kwa wingi, wakala siagi kwa wingi, wakazika wanaume wao wangali na nguvu. Wako wengine waliotumia maziwa kwa uchache wakaishi hadi uzeeni, wakipanda milima kwa miguu. Tena wako askari waliouawa, si na risasi, bali na kikombe cha maziwa mabichi.

Hao waliotumia maziwa kwa uchache ni wakazi wa pwani na visiwa vya Bahari ya Mediterania, ile bahari iliyo kati ya Afrika ya Kaskazini na Ulaya ya Kusini. Ulaji wao una jina kubwa leo. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu kwa niaba ya Ugiriki, Italia, Hispania na Moroko. Mwaka 2013 nchi za Cyprus, Croatia na Ureno zikaongezwa. Wengi wamekwisha kusikia habari za mafuta yao ya zeituni, samaki wao, maharage yao na mboga zao. Habari za maziwa yao husimuliwa kwa nadra, na huenda ndizo zenye faida zaidi kwa nyumba ya askari wa Afrika Mashariki, kwa sababu mafuta ya zeituni ni bidhaa ya ng'ambo yenye bei ya juu, ilhali ng'ombe na mbuzi wako kila upande.

ASKARI WA MIAKA 22

Mtu aliyeufanya ulaji huo ujulikane duniani alianza kazi yake kwa kulisha askari. Jina lake ni Ancel Keys, mtaalamu wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilimtaka abuni chakula chepesi cha kubebwa na askari wa miavuli. Keys aliingia katika duka la kawaida la vyakula, akachagua biskuti ngumu, soseji kavu, peremende na chokoleti, akavijaribu kwa askari. Kutokana na majaribio hayo kikatokea kile chakula cha kivita kilichoitwa K, ambacho askari wengi walikila mpaka wakakichoka. Kilikuwa chakula cha kumwezesha mtu kupigana siku chache, wala hakikukusudiwa kuwa chakula cha maisha.

Vita vilipokwisha, Keys alishangazwa na jambo moja. Nchi yake ilikuwa na nyama, maziwa na siagi kuliko nchi nyingi duniani, na bado wanaume wenye vyeo na mishahara mizuri walikuwa wakianguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Ndipo ikaja habari nyingine iliyowatisha madaktari wa kijeshi. Katika vita vya Korea, vilivyopiganwa kuanzia 1950 hadi 1953, waganga walichunguza mioyo ya askari 300 wa Kimarekani waliouawa vitani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu ya vijana hao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoulisha moyo damu. Hawa hawakuwa wazee wala wagonjwa. Walikuwa vijana waliopita vipimo vyote vya jeshi, waliokimbia na kubeba mizigo mizito. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1953, na tangu hapo hapana daktari awezaye kusema kwamba maradhi ya moyo huanza siku mtu anapostaafu.

Kuanzia mwaka 1958 Keys na wenzake waliwachunguza wanaume karibu 12,800, wenye umri wa miaka 40 hadi 59, katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia ya wakati ule, Ugiriki na Japani. Waliwapima damu, wakaandika wanachokula, kisha wakawafuatilia miaka mingi kuona nani anafariki na kwa maradhi gani. Wanaume wa Finland ya mashariki, wakata miti na wakulima wenye misuli ya kutisha, ndio waliokufa kwa moyo kuliko wote. Wanaume wa kisiwa cha Krete, huko Ugiriki, ndio waliokufa kwa moyo kwa uchache kuliko wote.

Hapa pana jambo la kushangaza. Mtu wa Krete hakuwa mtu wa kukwepa mafuta. Karibu asilimia 40 ya nguvu za chakula chake zilitokana na mafuta, sawa na Mfini. Tofauti ilikuwa aina ya mafuta. Mfini alikunywa zaidi ya lita moja ya maziwa yenye krimu kwa siku, akapaka siagi nene juu ya mkate, na mafuta ya namna hiyo huganda yakipoa na huzidisha kolesteroli mbaya katika damu. Mkrete alimimina mafuta ya zeituni, ambayo hubaki majimaji, juu ya kila alichokula, na maziwa yake yalikuwa kiasi cha robo lita hivi kwa siku, pamoja na kipande cha jibini.

Yafaa kusema kweli kwamba uchunguzi wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Wafini walivuta sigara sana na kupenda chumvi, na Wakrete walitembea mashambani tangu alfajiri hadi jioni. Mambo hayo nayo yana uzito wake. Lakini Wafini wenyewe hawakukaa kubishana. Mwaka 1972 jimbo la North Karelia lilianzisha kampeni ya kubadili ulaji na kuacha sigara, na kazi kubwa ilibebwa na chama cha akina mama kiitwacho Martha. Akina mama hao waliita majirani jioni, wakapika supu na mchuzi wa kienyeji kwa mboga nyingi na mafuta kidogo, wakala pamoja. Siagi ikapungua mezani, maziwa yakaondolewa krimu, mafuta ya mimea yakaingia jikoni. Katika muda wa miaka 40 vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi katika jimbo hilo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wafini hawakuacha maziwa. Wanayanywa hata leo. Waliacha kuyatumia bila kipimo.

KAZI YA MCHUNGAJI

Kwa nini watu wa Mediterania waliyatumia maziwa kwa uchache? Si kwa sababu walikuwa na hekima kuliko Wafini. Nchi yao ni ya mawe na miteremko, kiangazi chake ni kikavu na kirefu, na malisho ya ng'ombe ni haba. Mnyama awezaye kuishi hapo ni kondoo na mbuzi. Wanyama hao hutoa maziwa kwa msimu, hasa mwishoni mwa baridi na wakati wa majani mabichi. Kiangazi kikishika, viwele hukauka. Mchungaji aliye mlimani, mbali na soko, chini ya jua kali, hawezi kuweka ndoo ya maziwa mpaka kesho. Kwa hiyo alilazimika kuyageuza yawe kitu kingine siku ile ile.

Njia ya kwanza ilikuwa kuyachachusha. Mtindi wa nchi hizo, unaoitwa yoguti, hutengenezwa na aina mbili za bakteria wanaofanya kazi pamoja katika maziwa ya vuguvugu. Aina moja iligunduliwa mwaka 1905 na daktari kijana kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, alipokuwa masomoni Geneva na chungu cha mtindi wa kwao. Mwanasayansi mashuhuri Elie Metchnikoff, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa mno, akatangaza kwamba maziwa machachu hurefusha maisha, na mwenyewe akawa anayanywa kila siku. Alifariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71, umri usio mfupi wala wa ajabu. Tangu wakati huo wachuuzi hawajaacha kuahidi miujiza juu ya kopo la yoguti.

Ukiondoa miujiza, faida ya kweli inabaki, nayo si ndogo. Ndani ya maziwa mna sukari yake maalumu, laktosi, ambayo mtoto huisaga tumboni bila taabu. Watu wengi duniani, wakiwamo wengi wa Ugiriki, Italia ya kusini na Afrika, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo wanapokuwa watu wazima. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa bilauri mbili za maziwa matamu hujaa gesi, tumbo likamsokota, na pengine akaharisha. Kisha husema maziwa hayampatani. Bakteria wa mtindi huila sehemu ya sukari hiyo kabla mtu hajainywa, na huendelea kusaidia kuisaga ndani ya tumbo. Ndiyo sababu askari asiyeweza maziwa aweza kunywa mtindi bila adha, akapata protini na kalsiamu ile ile. Wafugaji wa Afrika Mashariki waliijua siri hiyo kwa vitendo bila kuisoma popote: bongo ya Waganda, ikivuguto ya Wanyarwanda na mursik ya Wakalenjin zote ni ndugu wa mtindi wa Krete.

Njia ya pili ilikuwa jibini. Mchungaji huyapasha maziwa moto kidogo, akatia dawa ya kugandisha iliyopatikana zamani katika tumbo la mwana-mbuzi au mwana-kondoo anayenyonya. Maziwa huganda kama uji mzito. Hukatwakatwa, maji yake yakachujwa, na donge linalobaki hutiwa chumvi. Jibini iitwayo feta huwekwa katika maji ya chumvi muda usiopungua miezi miwili. Tangu mwaka 2002 sheria ya Ulaya imeamuru kwamba jina hilo litumiwe kwa jibini ya Ugiriki tu, iliyotengenezwa kwa maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Wagiriki walilipigania jina hilo mahakamani miaka mingi kana kwamba ni mpaka wa nchi.

Yale maji yaliyochujwa nayo hayamwagwi. Huchemshwa tena, na mabaki ya protini hupanda juu kama mawingu meupe; yakikusanywa huwa jibini laini, iitwayo mizithra huko Krete na ricotta huko Italia, jina ambalo maana yake ni kilichopikwa mara ya pili. Jibini hiyo aghalabu haina chumvi nyingi. Huko Lebanon mtindi hutiwa katika mfuko wa kitambaa safi ukaning'inizwa usiku kucha. Asubuhi maji yameondoka, umebaki mtindi mzito kama siagi, unaopakwa mkate na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Siagi yenyewe haikuwa chakula cha kawaida cha nyumba nyingi za pwani hizo. Joto lake haliipendi, na mizeituni ilikuwa mlangoni.

Basi maziwa yaliingia mezani kama msaidizi wa chakula kingine. Bakuli la kunde au dengu, majani ya porini yaliyochemshwa, nyanya, mkate wa ngano isiyokobolewa, na juu yake kipande cha jibini kisichozidi kiberiti cha mfukoni. Mtindi huchanganywa na tango lililokunwa na kitunguu saumu, ukaliwa pamoja na mboga au samaki. Nyama ilikuwa ya sikukuu. Isitoshe, kanisa la Kiorthodoksi huamuru mfungo wa siku nyingi, na kwa mtu anayeushika kikamilifu, karibu nusu ya mwaka hupita bila nyama, maziwa wala jibini. Watafiti wengi huona kwamba mfungo huo nao ulichangia afya ya Wakrete, ingawa Keys hakuutilia maanani sana.

Wataalamu wa leo wamepunguza ukali walio nao wazee wao juu ya maziwa. Imeonekana katika majaribio kwamba jibini haipandishi kolesteroli mbaya kama siagi, hata kiasi cha mafuta kikiwa sawa, na wanaokula mtindi mara kwa mara wameonekana kupata ugonjwa wa kisukari kwa uchache kidogo kuliko wasioula. Ushauri wa wataalamu wa ulaji wa Mediterania ni mafungu mawili kwa siku, yaani kama kikombe kimoja cha mtindi na kipande kidogo cha jibini, bora visiwe na mafuta mengi. Jibini ya maji ya chumvi ina tatizo lake: mwenye shinikizo la damu hana budi kuiosha au kuiacha.

MBUZI WA MALTA

Kusini mwa Sicily kipo kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini ya Waingereza kwa zaidi ya miaka 150 mpaka kilipopata uhuru mwaka 1964. Hapo palikuwa na kambi kubwa ya askari na bandari ya manowari. Katika karne ya 19 askari wa kambi hiyo waliandamwa na homa ya ajabu. Ilimshika mtu, ikamtoa jasho la kulowesha shuka, ikamwachia siku kadhaa, kisha ikarudi. Viungo viliuma, kiuno kilikaza, moyo ulijaa huzuni. Mgonjwa aliweza kulala hospitali miezi mitatu, minne, na wengine walirudishwa kwao wakiwa hawafai tena kwa kazi. Baadhi walikufa. Waganga wengine walilaumu hewa, wengine mitaro ya maji machafu.

Mwaka 1887 daktari wa kijeshi David Bruce, akisaidiwa na mkewe Mary katika kazi ya darubini, alivipata viini vya homa hiyo katika wengu za askari waliofariki. Lakini viliingiaje mwilini? Swali hilo lilikaa miaka 18 bila jibu. Jibu lilipatikana mwaka 1905, na aliyelipata alikuwa Mmalta, Themistocles Zammit, daktari wa serikali aliyekuwa katika tume ya uchunguzi. Zammit alizipima damu za mbuzi wa kisiwani, akakuta mbuzi wengi wenye afya njema machoni, wanaotoa maziwa mengi, wamebeba viini vile vile. Na viini hivyo vilikuwa vikitoka pamoja na maziwa.

Msomaji aelewe jinsi maziwa yalivyouzwa Malta. Mchungaji aliwaswaga mbuzi wake barabarani, akasimama mlangoni pa mteja, akamkamua mbuzi hapo hapo ndani ya jagi. Hapana maziwa yaliyoonekana kuwa halisi kuliko hayo. Hayakutiwa maji, hayakulala, mteja aliyaona yakitoka katika kiwele. Ndiyo yaliyokuwa yakiua. Mwaka huo huo wa 1905 meli iitwayo Joshua Nicholson iliondoka Malta ikiwa na mbuzi zaidi ya 60 walionunuliwa kwenda Marekani. Mabaharia walifurahia maziwa mabichi njiani, na wengi wa walioyanywa waliugua homa ile ile.

Mwaka 1906 jeshi na manowari zilipigwa marufuku kutumia maziwa ya mbuzi, zikapewa maziwa ya makopo. Homa iliyokuwa ikiwalaza mamia ya askari kila mwaka ilianguka, na mwaka uliofuata wagonjwa jeshini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Amri moja ya kantini ilifanya kazi ambayo dawa zote zilishindwa kuifanya. Raia hawakupata amri hiyo. Wachungaji waliendelea kupita milangoni, na Wamalta wakaendelea kuugua mpaka kiwanda cha kuchemsha maziwa kilipofunguliwa mwaka 1938, na hata baadaye. Mwaka 1995 homa ililipuka tena kisiwani, ikawashika watu zaidi ya 100, na chanzo chake kilikuwa jibini laini ya maziwa ambayo hayakuchemshwa.

Habari hii haikuishia huko. David Bruce huyo huyo alifika Entebbe mwaka 1903 kwa kazi ya ugonjwa wa malale, uliokuwa ukimaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria, akathibitisha kwamba huenezwa na mbung'o. Aliporudi Uganda mara nyingine, yeye na wenzake walikutana na maradhi ambayo wenyeji wa magharibi waliyaita muhinyo: homa ndefu, jasho, maumivu ya viungo. Mwaka 1910 walichapisha habari kwamba muhinyo ni homa ya Malta. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuupa ugonjwa huo jina kabla wazungu hawajaupima. Leo viini vyake huitwa Brucella, kutokana na jina la Bruce, na hukaa katika ng'ombe kama wanavyokaa katika mbuzi. Ng'ombe anayetupa mimba mara kwa mara ni wa kushukiwa, na mtu anayemsaidia kuzaa kwa mikono mitupu yumo hatarini sawa na anayekunywa maziwa yake.

JIKONI KAMBINI

Mama wa nyumba asidanganyike kwamba uchachu unatosha. Mtindi uliotokana na maziwa mabichi waweza kuwa na viini hai, na jibini laini vivyo hivyo, kama Wamalta walivyoona. Njia iliyo salama ni kuchemsha kwanza na kuchachusha baadaye. Maziwa yachemshwe mpaka yafure na kupanda, yakorogwe, yaachwe yatokote kidogo zaidi. Yaepuliwe na kufunikwa mpaka yapoe kiasi cha kidole safi kustahimili bila kuungua. Hapo vitiwe vijiko viwili au vitatu vya mtindi mzuri kwa kila lita, mtindi usiotiwa sukari wala rangi. Chombo kifunikwe, kizungushiwe blanketi, kiachwe mahali pa joto bila kutikiswa kwa saa sita hadi nane. Usiku mmoja watosha. Ukiganda, upelekwe mahali pa baridi, na vijiko vichache vitengwe katika chombo safi kwa ajili ya mtindi wa kesho kutwa. Atakaye mtindi mzito autie katika kitambaa kilichochemshwa na kuuning'iniza, na yale maji yanayodondoka ayatie katika unga wa mikate.

Hakuna haja ya kutafuta zeituni. Sahani ya maharage, dodo au nakati iliyopikwa kwa mafuta kidogo ya alizeti au ya simsim, kipande cha kalo, na kikombe cha mtindi pembeni, inakaribia sana chakula cha mchungaji wa Krete, kuliko pizza ya mjini iliyolowa jibini. Mchuzi wa simsim wenyewe wafahamika vema huko, maana simsim iliyosagwa huliwa Lebanon, Cyprus na Ugiriki. Dagaa, yaani mukene, wakiliwa na mifupa yao, hutoa kalsiamu nyingi. Kwa hiyo nyumba isiyopata maziwa kila siku isikate tamaa. Samli ni salama kwa upande wa viini kwa kuwa imepikwa, lakini ni mafuta ya kuganda, na eshabwe ya Ankole ni tamu kwa sababu huliwa arusini. Atakayeila kila jioni amegeuza arusi kuwa desturi.

Jambo la sukari lahitaji neno. Yoguti za madukani zenye picha za matunda mara nyingi zimejazwa sukari, na mtoto anayepewa moja kila siku amepewa peremende kwa jina la maziwa. Mtindi mtupu na ndizi mbivu iliyopondwa utamtosha. Kwa mtoto mchanga hali ni nyingine kabisa: miezi sita ya kwanza ni ya maziwa ya mama peke yake, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu, hata kama ng'ombe ni wa nyumbani na ametunzwa vizuri.

Na askari aliyekaa doria katika nchi ya wafugaji, akakaribishwa kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa hivi sasa, yumo katika shida ya adabu, kwa maana kukataa maziwa ya mwenyeji ni jambo zito. Aombe yachemshwe kwa chai. Ikiwa alikwisha kunywa mabichi, na wiki chache baadaye akapata homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo au magoti, ambayo dawa ya malaria haikuiondoa, amwambie mganga waziwazi kwamba alikunywa maziwa mabichi, ili damu ipimwe. Ugonjwa huo unatibika, lakini dawa zake, ambazo kwa kawaida ni mbili pamoja, humezwa kwa muda wa wiki sita. Wengi hujisikia wazima mapema, wakaacha, na homa ikarudi.